WAPI TUPELEKE WADOGO WETU KUWINDA KINDI?



Tangu mwanzo wa mwaka huu wa masomo, wadogo wa darasa la saba na la nane wanatufuata kila Ijumaa jioni baada ya bugali na swali moja tu: « Yaya kapita, kesho wapi? » Hawaulizi kama tutaenda. Wanauliza wapi. Swali hilo tuliliona la mchezo, lakini limetukalisha sisi makapita wa interna katika mikutano mitatu, na wa tatu uliisha taa ikiwa imezimika. Ndiyo maana tunaandika hapa yale tuliyofikiri, kusudi kila mtu ajue kwa nini mahali fulani tunakubali na mahali pengine tunakataa. Kuna wanaosema pembeni kwamba tunajifanya wazee. Basi wasome kwanza, halafu waje waseme mbele yetu.

Pengine mwalimu mgeni atauliza: juu ya nini kindi? Jibu ni rahisi. Kindi njo nyama ya watoto. Nguruwe wa pori anataka mbwa, wavu na wanaume wenye mbio. Nyani anataka bunduki. Swala mdogo anataka mtego wa usiku, na usiku hakuna kapita mwenye akili atakayetoa watoto nje ya uzio. Lakini kindi anatembea mchana kama sisi, analala usiku kama sisi, na hafiki mbali na chakula. Kijana wa kijiji cha huku Mwenga anaanza na panya katika mihogo, anapanda mpaka kindi katika mingazi, ndipo siku moja baba anamwambia: sasa shika kamba ya mbwa. Yule wa mjini hajapita njia hiyo, naye analetwa interna akiwa na miaka 12, hajui hata kutofautisha kelele ya ndege na ya kindi.

Tena kuna jambo la tumbo, tusilifiche. Chakula chetu ni bugali na maharagi, sombe siku zingine, samaki wa chumvi siku ya bahati. Vita ilipofika Bukavu mwezi wa pili 2025, wazazi wengi wa upande ule hawakuweza tena kuleta posho, na watoto wao walibaki na sahani ya interna peke yake. Kindi mmoja hafiki nusu kilo. Ukimgawa kwa watoto wanne, kila mmoja anapata kipande na mifupa mingi. Lakini ndani ya sombe na mawese, meza nzima inanukia, na hata yule aliyepata mchuzi tu anasema amekula nyama.

Sasa, wapi? Kindi si wa namna moja, na kila mmoja ana nyumba yake. Kuna yule mkubwa wa juu kabisa, mwenye mkia mrefu, anayepiga kelele kama mtu anayepiga chafya. Huyo ni wa msitu mkubwa, jiwe la manati halimfikii. Kuna yule anayependa kujilaza juu ya tawi na kuota jua asubuhi; anaonekana vizuri, lakini akishtuka unamtafuta mpaka saa sita. Na kuna yule mdogo mwenye mstari mweupe ubavuni, anayekimbia chini chini katika kamba za msitu na majani yaliyoshikana. Huyu wa tatu njo wa watoto. Anakaa pale watu walipolima, wakaacha, msitu ukarudi. Anakaa karibu na mingazi kwa sababu anapenda ngazi kama sisi tunavyopenda mikate. Wenzetu kutoka makabila mbalimbali wanamwita kila mtu kwa jina la kwao, na wakianza kubishana juu ya jina, kindi ameshakwenda zamani.

Mahali pazuri panajulikana kwa macho kabla ya kujulikana kwa manati. Angalia chini ya mungazi: kokwa zilizotafunwa na alama za meno mawili mawili ni za kindi, zilizomenywa ovyo ni za ndege au za panya. Angalia kamba ya msitu inayounganisha mti na mti: ikiwa imesuguliwa ikang'aa, ile ni barabara yake, na atapita tena. Hapo ndipo wazee wanalaza mti mwembamba kama daraja na kufunga kitanzi cha waya wa breki ya kinga katikati. Saa nzuri ni kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi, au mara baada ya mvua jua likitoka. Saa sita mchana kindi anapumzika, na watoto tu njo bado wanapiga kelele.

Mahali pa kwanza tulipofikiri ni ng'ambo ya mto, kwenye msitu mkubwa. Kila mtu anajua kindi ni wengi kule. Wanafunzi wa externa wanaotoka vijiji vya upande huo wanaleta mikia yao kutuonyesha, kusudi tuone wivu, nasi tunaona wivu kweli. Lakini tumepakataa, na hatutabadilisha. Kule chini ya majani kuna mashimo ya wachimbaji wa dhahabu, mengine yameachwa miaka mingi, majani yameota juu, maji yamejaa ndani. Mtoto anayefuata kindi hatazami miguu. Anatazama juu. Wote tunakumbuka mwezi wa tisa 2020, mashimo ya Kamituga yalipoanguka kwa mvua na kuzika wachimbaji wengi. Wale walikuwa watu wazima wanaojua kazi yao. Zaidi ya hayo, kule unaweza kukutana na watu wenye silaha, na mtu mwenye silaha hamuulizi mtoto kama manati yake ni ya kindi. Hatuna mengi ya kuongeza.

Hapa rafiki mmoja aliyekulia upande wa Kahuzi-Biega alitukumbusha jambo lingine. Kwao msitu ni parki tangu mwaka wa 1970, ikapanuliwa mwaka wa 1975 mpaka kilometa za mraba 6.000 hivi, na ndani yake hakuna uwindaji, hata wa kindi. Alituambia watoto wa kwao wanajifunza kwanza mpaka wa parki uko wapi, ndipo wanajifunza manati. Kwetu tunajifunza kinyume.

Mahali pa pili ni mashamba ya mihogo na karanga kando ya barabara kubwa. Ni karibu, unaona watoto wote kwa jicho moja, na mwenye shamba anafurahi mkimpunguzia wezi wa karanga. Tulikwenda huko mara tatu. Ubaya wake ni mawe. Watoto 12 wenye manati 12, wote wanalenga mti mmoja, na upande wa pili wa mti kuna mama anayepalilia na mtoto mgongoni. Jiwe moja lilianguka hatua mbili mbele ya mama kama huyo. Hakupigwa. Lakini alisimama, akatutazama sisi wakubwa, si watoto, akarudi kuinama na kupalilia bila kusema neno. Afadhali angetutukana. Tena katika mashamba yale kuna mitego ya watu wengine, na mtoto mwenye njaa akikuta kindi katika kitanzi cha mwenzake, haoni mwenzake, anaona kindi. Basi mashamba pia tumeyaacha.

Mahali pa tatu ni ile mingazi ya zamani nyuma ya kilima, shamba la mama mmoja mjane ambaye wengi wenu mnamfahamu kwa sababu ya mawese yake. Mingazi imezeeka, katikati msitu umerudi, kamba zimeshikana, na kindi wa mstari mweupe wanapita humo asubuhi kama wanafunzi wanaochelewa. Hakuna shimo la dhahabu. Hakuna barabara. Kijito kinapita chini, mtoto akipotea anafuata maji na anatokea kwenye daraja letu. Tulimwendea mama na adabu zote, tumemletea sabuni mbili na chumvi. Akasema: « Batoto, muko na ruhusa kuya. Lakini ngazi yangu musiguse hata moja, na mwenye kutia mukono mu tundu ya muti, nitamurudisha kwenu mimi mwenyewe. » Juu ya tundu alikuwa na haki. Ndani ya tundu la mti kuna kindi siku moja, na nyoka siku inayofuata.

Tulirudi tukiimba. Tulidhani kazi imekwisha: tumepata mahali karibu, pa salama, penye kindi na mwenye shamba mwema.

Wiki ile ile mwalimu wetu wa biolojia alitufundisha habari za mpox, ugonjwa ambao wengi wanauita ndui ya nyani. Tulikuwa tunafikiri tunaujua, kwa vile tumeishi karibu nao. Mwezi wa tisa 2023 ulionekana Kamituga kwa namna mpya, na kule ulipita hasa kutoka mtu mpaka mtu. Tarehe 14-8-2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza hatari kwa dunia nzima, na tangazo lile lilidumu mpaka mwezi wa tisa 2025. Hayo tulijua. Yale tusiyojua ni mwanzo wake. Nyani anasingiziwa: jina lilitokana na nyani waliougua katika nyumba ya uchunguzi kule Copenhagen mwaka wa 1958. Mtu wa kwanza kujulikana na ugonjwa huo alikuwa mtoto mdogo wa hapa kwetu Kongo, mkoa wa Equateur, mwaka wa 1970. Na mwaka wa 1985, wakati nchi ikiitwa Zaire, wachunguzi walipata virusi ndani ya kindi mgonjwa wa msituni. Kindi gani? Ni yule mdogo mwenye mstari ubavuni, ambaye wanasayansi wanamwita Funisciurus anerythrus.

Mwalimu akaendelea, na hapo sisi makapita tulitazamana. Wachunguzi wale waliona kwamba kindi wenye alama ya ugonjwa katika damu hawakuwa wa msitu mkubwa wa mbali. Walikuwa wale wa pembeni ya vijiji, wa mashamba ya zamani na msitu uliorudi. Na wagonjwa wengi wa miaka ile ya 1980 walikuwa watoto chini ya miaka 10. Hata Marekani, mwaka wa 2003, wanyama wadogo walioletwa kutoka Ghana kuuzwa, kindi wakiwa kati yao, walileta ugonjwa huo na watu zaidi ya 40 wakaupata bila kukanyaga Afrika.

Basi muone shida yetu. Mbali kuna mashimo na silaha. Karibu kuna kindi ambaye wachunguzi walimshuku. Mahali palipo pazuri zaidi kwa miguu ya mtoto njo pale pale ambapo hatupaswi kuamini mikono yake.

Tulimuuliza mzee mmoja mlinzi wa interna. Alicheka, akasema: « Sisi tulikula kindi tangu utoto, tuko hapa. » Ni kweli, yuko hapa. Lakini mwalimu alimwomba akunje mkono wa shati, na tuliona wote lile kovu la mviringo juu ya mkono wake wa kushoto. Ni alama ya chanjo ya ndui. Ndui ilitangazwa kuwa imekwisha duniani mwaka wa 1980, chanjo ile ikaachwa, na ile chanjo ilikuwa inakinga kwa sehemu kubwa hata mpox. Mzee alitazama kovu lake sawa vile mtu aliyekuta pesa katika koti la zamani. Sisi tuliozaliwa mwaka wa 2007 na 2008 hatuna kovu. Wadogo wetu ndio kabisa.

Jumamosi iliyofuata, kabla hatujaamua lolote, kijana mmoja wa darasa la saba, ambaye hajatembelewa na mzazi tangu arudi interna, alikuja na kindi ndani ya shati. Alimwokota asubuhi karibu na kijito, amekufa, bila jeraha la jiwe wala alama ya kitanzi. Kwa yeye ilikuwa zawadi. Alikuwa ameshaomba chumvi kwa rafiki na mawese kwa mwingine. Karamu ilikuwa tayari. Tulimwambia amweke chini. Akakataa. Tukamwambia mara ya pili, akamweka, machozi yakianza. Tulimzika kindi kwa jembe, shimo refu mbwa wasifukue, tukachemsha shati, tukamwosha kijana mikono na kifua kwa sabuni mbele ya wenzake, jambo ambalo si zuri kwa kijana yeyote, na kwa siku nyingi mganga wa kituo cha afya alimwangalia kama ana homa, tezi au vipele. Hakuugua. Lakini wiki mbili hakutusalimu, na mpaka leo anatuita « kapita » tu, bila « yaya ».

Hatuwezi kusema kindi yule alikuwa na mpox. Labda alianguka tu. Lakini nyama anayekufa mwenyewe msituni amekufa kwa sababu fulani, na sababu hiyo haionekani kwa macho ya kapita.

Katika mkutano wa tatu maneno yalikuwa makali. Mmoja wetu alitaka kufunga uwindaji wote. Alisema afadhali watoto wachukie kuliko kuugua. Mwingine alijibu kwamba ukifunga mlango, watatoka dirishani: wataenda peke yao, ng'ambo ya mto, kwenye mashimo, na wataficha kindi wao kama yule alivyoficha ndani ya shati. Sisi tuliosikiliza tulijua wote wawili wana haki. Mwisho tulikwenda kwa Bwana Prefe na kwa mganga, tukakubaliana hivi: watoto wataenda kwa mama, lakini kazi yao ni macho, masikio na miguu. Watatafuta barabara ya kindi, watasikiliza, watamfukuza kuelekea mtego. Manati zitashikwa na wakubwa wawili tu. Kindi atakayekamatwa akiwa mzima na mwenye afya, mkubwa ndiye atamtoa, akiwa amevaa mifuko ya plastiki mikononi, ndiye atamchuna, na mpishi atampika mpaka nyama iachane na mfupa. Mwenye kidonda mkononi, hata mkubwa, haigusi. Aliyeokotwa amekufa, au anayetembea kama mlevi, anaachwa alipo na mtu anaitwa.

Mganga hakupiga makofi. Alisema yeye angependa tuwatazame tu kindi na kununua maharagi. Tukamuuliza: kwa pesa gani? Akanyamaza, akatupa mifuko kumi.

Tulipowaeleza wadogo, mmoja akanyosha kidole: « Yaya, kama hatuguse, tunawinda nini sasa? » Wote wakacheka, sisi pia. Lakini Jumamosi ile ile, kijana huyo huyo ndiye aliyeona kamba iliyong'aa kabla ya mtu yeyote, akalala kifudifudi katika majani dakika nyingi bila kukohoa, na kindi akapita juu ya kichwa chake mkia ukiwa wima. Mtego ulimkosa. Kijana alirudi akiwaeleza wenzake jinsi kindi yule alivyosimama, akakunja mikono kifuani, akatafuna ngazi ya mama bila ruhusa. Bugali ya siku ile ilikuwa na maharagi.

Ni juu ya hayo hatutakubali tena maneno ya pembeni kwamba makapita wanakula kindi wa watoto. Hesabu iko ukutani katika refektwari: tangu mapatano, kindi watano, wote wamepikwa katika sufuria moja na sombe ya meza za wadogo. Sisi tumeonja mchuzi mara moja, na mpishi ni shahidi.

Kwa Jumamosi ijayo: tutatoka saa kumi na mbili kamili mbele ya jiko. Nafasi ni 12, wa darasa la nane wapishe wa saba, kwa sababu wao walikwenda mara mbili. Kila mtoto avae viatu, si kandambili, na aje bila manati. Mama ameomba tumsaidie kubeba mikungu mitatu ya ngazi mpaka kwenye pipa lake la kupikia mawese, wakubwa watabeba. Anayehitaji sabuni ya kunawa baada ya msitu aione kwa kapita wa dortwari ya pili. Na yule ndugu yetu wa darasa la saba, jina lake tumeliandika la kwanza kwenye karatasi. Akitaka, aje.

Kapita wa interna, mwaka wa mwisho